Kiganja cha Mlango wa Nje

Rafiki yangu Waswa, fundi wa mitambo, husimulia haya akiangalia viatu vyake. Alikuwa akifunga mashine za kusoma viganja kwenye milango miwili ya mochari moja Kisumu. Kamati ilibishana: Wi-Fi, laini ya simu, au waya? Ikachagua waya, maana waya huonekana siku ya uzinduzi.

Kiganja kikisajiliwa mlango wa ndani, waya ungekipeleka mlango wa nje. Ili kujaribu, Waswa alihitaji kiganja kipya, na mhudumu alikuwa ameenda kula. Akasogeza machela yenye maiti ya mzee mmoja, akakibandika kiganja chake kwenye mashine ya ndani.

"Pole, Mzee. Ni dakika moja tu."

Mashine ikalia pii. Huko nje, kufuli likajibu tak.

Familia ilipokuja kumchukua marehemu wakamzike kijijini Katito, mjane alimshika Waswa mkono. "Asante kututunzia mzee, Bwana fundi." Waswa alitamani ardhi immeze.

Baada ya mazishi alirudi kukifuta kiganja kile kwenye kumbukumbu ya mashine. Stima ikapotea, korido ikawa giza, mashine zikabaki zikitumia betri.

Mlango wa nje ukalia pii. Kisha tak.

"Nani?"

Akamulika kwa simu. Mlango ulikuwa wazi, na juu ya mashine palikuwa na alama ya kiganja kizima, cha udongo mweusi, bado mbichi.