Ufunguo Alikuwa Nao Yaya

Jumatatu, saa mbili asubuhi, mhandisi alisimama katikati ya sebule yake akapiga kelele kwamba ameibiwa. Kompyuta ya kazini, aliyosema aliiacha juu ya meza, haikuwepo.

Walikuwa wametua jana yake, yeye, mkewe na mtoto wao wa miaka mitano, wakitoka nchi jirani walikokwenda kutembea siku nne. Hapa nako walikuwa wageni, mwaka wa pili, kwa mkataba wa kujenga madaraja. Mlango haukuvunjwa. Madirisha yalikuwa mazima. Na ufunguo wa pili alikuwa nao yaya, aliyeachiwa ili aje Jumamosi kumwagilia maua.

Wazazi wenzangu, mnajua wenyewe kidole kilielekea wapi.

Mpelelezi aliyetumwa alikuwa mama mtu mzima. Wenzake kituoni walimwita Taratibu, kwa sababu hata chai aliinywa kama anaihoji. Aliomba kwanza achaji simu yake. Akaichomeka kwenye soketi ya ukutani, ya matundu matatu bapa, kisha akageukia meza.

"Ilikuwa wapi hasa?"

"Hapo. Chaja yake ndiyo hiyo, mwizi kaiacha."

Chaja ilikuwa na kichwa kinene, waya umezungushwa vizuri. Mbele ya plagi yake kulikuwa kumevalishwa kiplagi kingine cheupe cha kubadilishia, cha miguu miwili ya mviringo. Taratibu aliitazama, asiiguse.

"Safarini hukuibeba?"

"Ya nini? Nilikwenda kupumzika."

"Wala hotelini hukuihitaji?"

"Mimi na mtoto tulilala kwa dada yangu," mkewe aliingilia, huku akimvutisha mtoto dawa ya pumu. "Yeye peke yake ndiye aliyelala hotelini. Eti kwa dada pana kelele."

"Mna bima?"

"Ya nyumba," mhandisi alijibu upesi, kuliko alivyojibu yote mengine. "Kampuni ndiyo imetukatia. Wanachotaka ni ripoti ya polisi tu."

Yaya, aliyekuwa amekuja kazini asubuhi ile, akapelekwa kituoni. Taratibu akabaki getini na mlinzi.

"Jumamosi uliondoka hapa?"

"Nisiseme uongo, afande. Nilikwenda kutazama mpira. Dakika tisini tu."

"Hakukuwa na muda wa nyongeza?"

Mlinzi akakuna kichwa. "Ulikuwepo. Na penalti."

"Kwa hiyo geti lilikuwa linajilinda lenyewe."

"Lakini afande, hata timu yenyewe ilifungwa!"

Mtu angeweza kuingia uani, basi. Ndani je, bila kuvunja kitu? Kila njia ilirudi kwa yaya. Ripoti ikisainiwa jioni ile, binti angelala mahabusu, na baada ya hapo nani angempa tena mtoto wake amlee?

Kituoni, mama yake yaya, fundi cherehani, alikuwa amefika na uzi bado umening'inia begani.

"Mwanangu hajawahi kurudi kwangu hata na pini ya watu."

"Mama, kila mzazi husema hivyo."

"Basi wasikilizeni wazazi!"

Taratibu akavuta kiti, akakaa karibu na binti. "Jumamosi uliingia mle ndani. Nieleze ulichofanya."

"Nilimwagilia maua, shangazi. Nikaona meza ina vumbi, nikaifuta."

"Ulisogeza nini ili uifute?"

"Sikusogeza kitu. Ilikuwa tupu."

"Hata waya wa chaja?"

"Hata waya."

"Mbona asubuhi hukusema?"

Binti akainama. "Bosi alikuwa anafoka. Niliogopa kumfanya mwongo mbele ya mkewe."

Mama yake akashika kichwa. "Jamani, mtoto huyu! Adabu hii itakuja kukufunga."

Taratibu aliyapima maneno hayo. Huenda binti alikuwa anajitetea. Lakini hakuna aliyemfundisha kutaja meza tupu, wala kile kiplagi cheupe si yeye aliyekivalisha chaja.

Saa kumi na moja jioni alirudi nyumbani kwa mhandisi. Akamwonyesha chaja.

"Naomba uichomeke ukutani."

Mhandisi akainua waya, akausogeza kwenye soketi. Miguu ya mviringo ikagonga, ikakataa. Akajaribu tena, kana kwamba ukuta ungemwonea huruma.

"Hicho kiplagi ni cha kule mlikotoka," Taratibu alisema. "Chaja iliyobaki hapa nyumbani ilivalishwa na nani?"

"Nilikitumia kwa simu."

"Kwa simu, sawa. Na huku kikafikaje? Na Jumamosi meza ilikuwa tupu, haina kompyuta wala waya. Chaja imesafiri, baba. Imerudi bila mwenzake."

"Mume wangu, jibu," mkewe alisema.

Akaketi. "Niliisahau kwenye teksi kule, chaja ikiwa begi jingine. Kampuni ilikataza kuitoa nje ya nchi."

Mengine yakafuata. Bima aliyopewa na kampuni ililinda nyumba na matibabu yao humu nchini tu. Wakitoka, hata kwa siku mbili, kila mtu alijichagulia bima ya safari. Yeye akachukua ile ya chini kabisa, inayolipa ndege ikichelewa tu. Kitu kilichopotea safarini haikukijua. Kilichoibwa nyumbani, bima ya nyumba ingelipa, mradi polisi waandike.

"Nilitaka karatasi tu. Yaya sikumtaja jina."

"Ulitaja ufunguo," Taratibu akasema. "Inatosha."

"Ngoja kwanza." Mkewe alikuwa amesimama. "Bima ya safari nilikwambia uchague inayolipa hospitali, kwa ajili ya kifua cha mtoto. Ukaniambia umeichukua."

"Zilikuwa siku nne tu, mke wangu..."

"Usiku wa pili alibanwa. Nilikupigia, nikuulize tumpeleke hospitali gani. Ukasema tusubiri asubuhi." Sauti ikamshuka. "Nikadhani una usingizi."

Taratibu akamsomea mhandisi kosa lake, kutoa taarifa ya uongo kwa polisi, akamwelekeza mlango.

Ninyi mnaoishi nchi za watu, safari fupi nayo ni safari. Bima isomeni wawili, mpaka mwisho, muulize inalipa nini na haimlipi nani. Nanyi wenye binti anayeachiwa ufunguo, mwambieni aombe kuonyeshwa kilichomo kabla wenye nyumba hawajaondoka. Si utovu wa adabu.

Jioni ile mke wa mhandisi alikwenda kituoni mwenyewe, mtoto mgongoni. Yaya alipotoka, mtoto akamnyooshea mikono.

"Mdogo wangu, nisamehe," mama wa mtoto alisema. "Nilisimama pale nikanyamaza."

Binti akafungua mdomo, lakini fundi cherehani akamshika mkono, akamgeukia mke wa mhandisi.

"Kusamehe atafanya kesho, mwanangu. Leo anakwenda kulala kwa mama yake."