Nani Aungame?

Haya ninayoandika sikuhadithiwa na mutu. Niliyaona kwa macho yangu, na pale ambapo macho hayakufika, masikio yalifika. Mimi ni Useni. Majengo nzima wananiita Papa Asma, kwa jina la binti yangu. Nimeendesha lori la Fuso kwenye matope ya Walikale huku madereva wenzangu wanalia wanataka mama zao. Kwa hiyo musinifikirie ni mutu wa kutishwa na panya.

Marcelline alikuwa jirani yangu wa ukuta. Nyumba zetu ni za mbao, zimesimama juu ya mawe ya volkano, na kati ya chumba chake na changu kulikuwa na ubao tu. Akikaanga sambaza, dagaa wa ziwani, mimi ninameza mate. Bwana yake Donat akikohoa, mimi ninasema pole. Alikohoa majira yote ya mvua, kisha siku moja ubao ukanyamaza. Tukamuzika, tukakaa matanga, watu wakarudi kwao.

Jioni iliyofuata ilikuwa jioni kama zingine. Umeme ulikuwa umekatika. Watoto wa Marcelline walikuwa wanagombania sufuria. Mimi nilikuwa ninatawaza kwa ajili ya magharibi, muguu mumoja ndani ya maji, niliposikia mutu anaongea nje ya mulango wao, pole pole:

"Ungama."

Ilikuwa sauti ya Donat. Hata ule mukwaruzo wa kooni mwishoni.

Nilichukua fimbo nikatoka. Hakukuwa na mutu. Ila mbwa wa ng'ambo ya barabara, mbwa mukali ambaye amekwisha kuniharibia suruali, alikuwa amelala tumbo chini, pua ameificha katikati ya miguu.

Kesho yake jioni, tena. Na kesho yake. Neno lile moja tu, saa ileile ya giza kuingia.

Habari zikamufikia Kamate, kaka mukubwa wa Donat, mufanyabiashara aliyekuja kutoka Butembo akanenepa hapa Goma. Kamate alikuwa anasali kwenye chumba kimoja cha maombi, na nabii wa huko akamutafsiria bila kukuna kichwa: marehemu anamutaka mulozi wake, muchawi wake, aungame. Na mulozi ni nani, kama si yule aliyekuwa anamupikia? Kwetu hatusemi mulozi ameua. Tunasema amekula mutu. Basi Marcelline amemula Donat.

Kamate akaja na dada yao Ernestine, wakasimama uani, wakamupa sharti mbele yetu wote. Aende kanisani kwake, kwa Wakatoliki, siku ya posho, ndiyo Jumamosi, akaungame kwamba alimula bwana yake. Akiungama, ataachiwa aondoke na nguo zake, watoto wabaki kwa ukoo, na parseli, kiwanja na nyumba yake, ibaki kwa ukoo. Akikataa, watoto watachukuliwa vilevile, na yeye ataachiwa vijana wa kartie, wa mutaa. Sisi wa Majengo tunajua vijana wa kartie wanafanya nini na mulozi. Wanakuja na petroli.

Marcelline alikuwa anachambua maharagi. Hakuacha kuchambua.

"Nitaenda," akasema. "Lakini na ninyi mukuje. Mukae karibu, musikie."

Sasa ndugu zangu Waislamu wenzangu, niwaeleze. Wakatoliki wanaungama kwa kunong'ona. Mutu anapiga magoti pembeni ya kisanduku cha mbao, Padiri yuko ndani, na siri inabaki pale. Kwenye parokia ile kulikuwa na mapadiri wawili. Padiri Luc, kijana, mulolongo wake unafika mulangoni. Na muzee Sikuli, ambaye masikio yake yalikwisha kufa zamani. Kwa Sikuli unaungama kwa kupaza sauti, naye anakujibu kwa sauti ya kuita ng'ombe. Wanaokwenda kwake ni manyanya, mabibi wazee, peke yao, ambao zambi zao zote zinajulikana. Wenye mambo mazito wanamukimbia.

Mimi nilikuwa ndani. Kofia nimeitia mufukoni, nimekaa benchi ya nyuma, hakuna aliyethubutu kunitoa. Nilimuona Marcelline akiupita mulolongo wa Padiri Luc, wote, mutu kwa mutu, kichwa juu. Akaenda kupiga magoti kwa Sikuli.

Kanisa likaanza kugeuza shingo.

"Padiri, wamenituma niungame kwamba nilimula bwana yangu."

"Ulimufanya nini?"

"Nilimula."

"Ulimula!"

Ernestine alivuta kitambaa machoni. Kamate alitulia, mikono juu ya magoti, kama mutu anayengoja bidhaa yake ishushwe.

"Sikumula, Padiri. Shemeji zangu ndio wamesema niseme."

"Basi hiyo zambi uliyobeba ni ya nani? Hapa kila mutu analeta yake, mama. Ukiungama kitu ambacho hukufanya, utatoka na zambi ambayo hukuja nayo. Utakuwa umemudanganya Mungu ili umufurahishe shemeji."

Nyanya mumoja akacheka. Marcelline akamueleza habari ya sauti. Padiri aliponguruma tena, swali lake lilinipita mugongoni kama maji ya ziwa.

"Ilitaja jina lako?"

"Hapana. Inasema tu, ungama."

"Na mutu akiita njoo barabarani bila kutaja jina, wewe unakwenda? Rudi nyumbani. Ikija, usikimbie na usiipigie magoti. Muombee marehemu wako, kisha uiulize: nani aungame?"

Tulipotoka, Kamate alisema eti kiziwi ameongoza kipofu, na kwamba yeye atakuja jioni hiyohiyo kuchukua watoto. Marcelline akamujibu kwamba mulango wake unajulikana.

Walikuja kabla ya giza. Kamate alikaa kwenye kiti cha marehemu. Ernestine alianza kufunga nguo za watoto ndani ya kitenge. Watoto wenyewe walikuwa nyuma ya mama yao, wamemushika nguo. Mimi nilijipa kigoda karibu kabisa na mulango, kwa sababu mwanaume lazima awe karibu na mulango.

Niseme ukweli wangu. Mpaka saa ile nilidhani ni Kamate. Nilidhani amelipa mutu, au anajua kuigiza koo la ndugu yake. Kwa hiyo nikamutazama mudomo.

Giza likaingia. Marcelline aliwasha tochi ya simu, akailaza mezani. Kwenye kona, jenereta ya buveti, kilabu cha bia, ikakohoa. Ikazimika. Muziki ukakatika katikati ya neno.

Mbwa wa ng'ambo alilia kidogo. Akanyamaza.

Nikamutazama Kamate mudomo.

"Ungama."

Mudomo wa Kamate ulikuwa umefungwa.

Sauti ilitoka nje. Ilitoka chini. Haikuwa kwenye kimo cha mutu aliyesimama. Ilikuwa kwenye kimo cha goti langu, upande wa pili wa ubao, karibu hivi kwamba nilihisi baridi yake kwenye suruali.

Ernestine aliacha kufunga. Mutoto mudogo akasema, "Papa." Hakuna aliyemukanya.

Marcelline akasimama. Akatembea. Akaweka mukono juu ya komeo.

"Donat," akasema. "Mimi sikukukula. Uliposhindwa kutafuna, nilikutafunia. Watoto hawa siwatoi, na hapa sitoki. Sasa sema. Nani aungame?"



Kitu kikavuta pumzi. Ndefu. Mbao zote zikavutwa nayo.

"Kamate," ikasema.

Kamate alitelemuka kutoka kwenye kiti kama gunia lililokatwa kamba. Akaanza kusema, haraka haraka, uso chini. Kwamba Donat, alipoona anakufa, alimutuma aite Padiri. Alitaka kuungama, na alitaka aseme mbele ya Padiri kwamba parseli ni ya Marcelline na watoto. Kamate hakufika kwa Padiri. Alikaa mutaa wa Birere akanywa bia, akarudi akasema Padiri amesafiri.

"Alikuwa ananiuliza kila mara kama Padiri amerudi," akasema. "Mimi ninamuambia bado."

"Kaka," Ernestine akamuuliza, pole pole, "ulimuacha afe hivyo?"

Kisha akafungua kitenge, akaanza kurudisha nguo za watoto pale alipozitoa, moja moja.

Marcelline akavuta komeo, akafungua mulango wote. Nje kulikuwa na giza tu, na harufu ya dawa ile ya kupaka ambayo Donat alikuwa anapakwa kifuani.

Posho iliyofuata Kamate aliungama. Marcelline alihakikisha ni kwa nani: muzee Sikuli, katikati ya manyanya, kwa sauti ya juu. Kartie nzima ilisikia. Tangu hapo hakuna aliyemuita yule mama mulozi, na ile sauti haijarudi.

Lakini mukifika Majengo, nitawaonyesha. Mbele ya mulango wake kuna jiwe la volkano, lile gumu linalovunja nyundo. Juu yake kuna mashimo mawili, yamekaa pamoja, laini kama yamebonyezwa kwenye udongo mubichi. Ni magoti ya mutu mukubwa, yameelekea ndani ya nyumba. Nilijaribu kuyaziba na sementi. Haishiki. Asubuhi unaikuta pembeni, imepasuka vipande.

Na sasa, kwa kuwa mumenisoma hadi hapa, niwape kitu kimoja. Kile cha sauti kumutaja Kamate, hicho niliongeza mimi. Watu wanapenda jina litajwe, hadithi inakaa vizuri. Kweli yake ni kwamba Marcelline aliuliza nani aungame, na baada ya ile pumzi hakuna neno lililosemwa. Nilikuwa mulangoni, na masikio yangu munayajua. Hakuna.

Ni Kamate tu aliyeinua kichwa, akageukia mulango, akaitika:

"Naam, Donat. Nimesikia."