Twiga Auliza Kabla ya Kuagiza

Twiga alikuwa fundi rangi. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu mbili: alikuwa mrefu, tena hakula nyama. Tangu utotoni nyama haikumpanda. "Wewe na majani, majani na wewe!" walimtania, naye alicheka nao.

Nyumbani hakupata shida. Mumewe alikuwa hodari wa kupika dengu. Shida ilikuwa mchana, kazini, kwenye ukarabati wa shule. Mafundi walikula mgahawani, ng'ambo ya barabara. Siku moja Twiga aliagiza maharage. Alipokoroga, kijiko kikaibuka na mfupa. Aliona haya kulalamika. Akaisukuma sahani kando, akashinda na njaa. Tangu hapo chakula chake cha mchana kikawa mkate mkavu na chai ya rangi.

Miezi ikapita. Twiga akawa anachoka mapema. Akipanda ngazi, moyo unamwenda mbio. Asubuhi moja, akipaka dari ya darasa, macho yakaingia giza. Ndoo ikamponyoka, rangi ikamwagika sakafuni. Yeye akaing'ang'ania ngazi mpaka wenzake wakamshusha.

Mumewe alimpeleka zahanati. Muuguzi akampima damu.

"Dada, damu yako imepungua. Mchana unakula nini?"

"Mkate na chai."

"Kila siku?"

"Kila siku," Twiga akakiri.

"Kwa hiyo ni lazima ale nyama?" mumewe akauliza. "Au hata mchuzi tu?"

"Si lazima, shemeji. Asiyekula nyama anaweza kuwa na afya njema. Lakini mkate na chai si mlo." Muuguzi akamgeukia Twiga. "Kula maharage, dengu au njegere, pamoja na mboga za majani. Ongeza chungwa, mwili utafaidi zaidi. Chai isubiri saa moja baada ya kula. Mayai na maziwa unatumia?"

"Natumia."

"Usiyaache. Yana kirutubisho ambacho majani hayana."

"Na mgahawani nitafanyaje?"

"Uliza! Fika kabla watu hawajajaa. Usiseme tu kwamba huli nyama. Taja kimoja kimoja usichokula. Uliza pia mchuzi umepikwa na nini."

Akampa vidonge vya kuongeza damu, akamwambia apumzike, kisha arudi kupimwa.

Siku aliyorudi kazini, Twiga alifika mgahawani mapema. Mpishi, mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa, alikuwa anakata vitunguu.

"Shikamoo, mama. Mimi sili nyama. Leo kuna nini?"

"Marahaba. Kuna wali na mchuzi mtamu. Hauna nyama kabisa."

Twiga alitaka kukubali. Akajikaza. "Mchuzi wa nini?"

"Wa kuku."

"Mama! Kwani kuku si nyama?"

"Kuku ni kuku, mwanangu!"

Wote wawili wakaangua kicheko.

"Basi ngoja nikueleze vizuri," Twiga akasema. "Sili ng'ombe, mbuzi, kuku wala samaki. Wala mchuzi wao, wala mafuta yao. Na maharage je?"

"Hayo natia mifupa, yapate ladha." Mpishi akaweka kisu chini. "Mbona siku zote hukusema? Nilidhani chakula changu hukipendi."

"Nilikuona una kazi nyingi. Nikaona haya."

"Haya haishibishi! Mifupa naitia baadaye. Nitakutengea yako kabla sijaitia, na upawa wake mbali."

Mchana ule Twiga alikula maharage, mchicha na chungwa. Akafuta sahani. Chai hakuigusa.

Baada ya miezi miwili alipimwa tena. Damu ilikuwa imepanda. Siku hiyo hiyo alirudi shuleni akapanda ngazi, akamaliza dari ya darasa jingine bila kushuka kupumzika.

Fundi bomba mmoja alipoiona sahani yake, akaomba kama hiyo. Kumbe naye nyama haikumpanda, alikuwa akivumilia kimya kimya. Kisha akaja mwalimu. Kisha akaja dereva.

Siku hizi mpishi hubandika sufuria mbili za maharage. Ile isiyo na mifupa ndiyo inayowahi kwisha.