Kiatu cha Kushoto

Kiatu kilikuwa cha kushoto.

Kidogo, cheusi, kamba imefungwa mafundo mawili kama baba alivyomfungia binti yake asubuhi. Kilikuwa ndani ya bahasha, juu ya masanduku ya mawe mlangoni mwa maabara yake.

Simu ikaita.

"Mwanajiolojia," sauti ya kiume ilisema, taratibu kama mtu anayeagiza chai. "Saa tisa unaingia kwenye kikao cha bodi. Utasema kisima ni kikavu. Ukisema kina mafuta, nitakuletea kiatu cha pili. Na mguu wake ndani."

Ikakatika.

Alipiga shuleni, vidole vikikosea namba. Mwalimu akamjibu kwa furaha kwamba mjomba mtu alishamchukua mtoto.

Binti yake hakuwa na mjomba.

Akakaa sakafuni katikati ya mawe yake.

Watu walimjua kama mtaalamu wa mafuta wa kujitegemea: hana kampuni, hana bosi, ana Hilux kuukuu na nyundo ya kuvunjia mawe. Ndiyo maana bodi ilitaka neno lake. Wataalamu wa makampuni kila mmoja aliimba wimbo wa anayemlisha. Wasichojua wanabodi, wala mkewe, ni kwamba kwa miaka mingi aliitumikia pia kwa siri Idara ya Usalama, akiwawinda wanaoiba siri za ardhi ya nchi. Alishapigwa risasi mara mbili. Hakuwahi kuogopa namna hii.

Akafunua kisanduku cha lensi, akatoa redio.

"Shangazi, hapa Nyundo. Wamemchukua binti yangu, ili niidanganye bodi saa tisa."

Mkuu wake wa kazi alijibu haraka. "Usitoke hapo. Vijana wangu watafika jioni."

"Jioni atakuwa maiti."

"Nyundo, hiyo ni amri."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Shangazi. Nisamehe."

Akazima.

Kisha, kwa kuwa hofu ilimwachia mikono tu, mikono ikafanya ilichozoea. Ikakigeuza kiatu. Katika mifereji ya soli kulikuwa na unga mweupe.

Chokaa?

Akaudondoshea tone la asidi. Chokaa ingechemka na kutoa povu. Huu ulitulia tuli.

Unga wa ngano?

Akaukwangua wote kiganjani. Ulikuwa kidogo, lakini mzito kupita kiasi.

Baraiti. Unga wa jiwe unaotiwa kwenye tope la kuchorongea visima ili tope lipate uzito. Mjini pale ulihifadhiwa sehemu moja tu: ghala lililo nyuma ya yadi ya mabomba. Huenda walibadili magari, wakamfunga mtoto kitambaa machoni. Vumbi hawakulifuta. Nani anahangaika na vumbi?

Akachomeka bastola yake ya Beretta kiunoni, nyundo mkononi.

Kwenye geti la yadi alivaa kofia ngumu na kununa. Mlinzi akampungia mkono, maana mtu aliyenuna na kofia ngumu haulizwi anakwenda wapi.

Ndani ya ghala kulikuwa na giza na baridi. Alipita akinyata kati ya marundo ya magunia.

Akamwona.

Alikuwa chini ya tangi kubwa la unga, amefungwa mikono, mguu mmoja peku. Nyuma yake alisimama jamaa mwenye shati la maua, bastola mkononi.

"Baba!"

Jamaa akamvuta mtoto mbele yake kama ngao. "Tupa silaha, mzee!"

Beretta ilikuwa tayari mkononi, lakini kichwa cha mtoto kilikuwa karibu mno na cha jamaa. Kidogo tu kuelekea kushoto, na angemuua mwanawe mwenyewe. Akaiweka chini. Alikuwa anaogopa mno kufyatua.

Bega lake liligusa chuma. Valvu ya tangi. Unga ule husukumwa kwa hewa yenye nguvu, na mdomo wa bomba ulimtazama jamaa usoni.

"Mama, lala chini!"

Mtoto akajiangusha. Baba akavuta valvu.

Ghala zima likageuka jeupe. Risasi ikapasua gunia. Akajikaza kisabuni, akaingia katika wingu lile akiwa amefumba macho, akafuata kikohozi, na nyundo ikakutana na kifundo cha mkono. Bastola ikalia sakafuni. Pigo la pili likamlaza jamaa.

"Baba, siwezi kuona."

"Mimi pia, mama. Nishike shingo."

Alimfungua mtoto, akamfunga jamaa kwa kamba zile zile, kisha Hilux ikaondoka mbio.

Bodi ilikuwa imekaa. Upande wa wageni, mwakilishi wa kampuni ya nje, mwenye tai nyekundu, alikuwa anatabasamu. Kisima kikitangazwa kikavu, angenunua eneo zima kwa bei ya kutupa.

Mlango ukafunguka. Baba na binti, weupe kuanzia utosini hadi miguuni.

"Mtaalamu!" Mwenyekiti alishtuka. "Kuna nini?"

"Kuna mafuta, Mwenyekiti. Mengi."

Mtoto akanyoosha kidole. "Baba, huyo ndiye mjomba aliyekuja shuleni."

Tai Nyekundu akainuka ghafla. Mwanamke mnene aliyekuwa akiandika kumbukumbu nyuma yake akamgusa ubavu kwa bastola.

"Kaa, baba," Shangazi alisema kwa upole. "Kikao hakijafungwa."

Kisha akamtazama Nyundo kwa hasira, na baada ya hasira akamtingishia kichwa aondoke.

Akaondoka. Alipita mbele ya wanabodi kwa mwendo wa mtu anayekwenda kununua gazeti, mtoto begani. Hakugeuka nyuma. Akafunga mlango taratibu.

Kwenye ngazi za nje, mbele ya madereva na wapita njia, alisimama. Akaketi, akamkumbatia binti yake kwa nguvu, akalia kwa sauti.

"Baba," mtoto alinong'ona. "Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie."