Waifai ya Baba Nice

Haya yalimpata rafiki yangu Kokulinda, wa Igombe. Mumewe Projest alizama ziwani mwezi uliopita. Mwili ulipatikana, simu yake haikupatikana.

Jioni moja baada ya mazishi umeme ulikatika na mtandao ukapotea, na fomu ya cheti cha kifo ilikuwa haijatumwa.

"Mama Nice, shuka kule kwenye mawe," jirani alimwambia. "Mtandao sote tunaupatia huko."

Alifika giza likiingia. Mawimbi yalikuwa yanapiga mawe, yanarudi. Mara simu ikatetemeka mkononi: ilikuwa imeshika waifai yenyewe. Jina lake, Baba Nice. Ndiyo ile mumewe aliyokuwa akimrushia kwa simu yake kila jioni, iliyokuwa ikikatika hata akienda jikoni tu.

Kokulinda alijaza jina la marehemu, tarehe, sababu ya kifo, akatuma. Ikaenda.

"Asante, Baba Nice," akasema, kama alivyozoea, akapanda kurudi nyumbani.

Akafunga mlango kwa komeo, akaketi kitandani gizani. Huko mawimbi hayasikiki. Akawasha simu apate mwanga.

Mistari ya waifai ya Baba Nice ilikuwa imejaa yote.