Shaba ya Shimo la Otuoma

Mtambo waliuita Mpishi, na kupika ulijua. Ulisukuma maji ya chumvi yanayochemka ndani ya miamba chini ya Kilima cha Raguda, yakaikwangua shaba iliyotawanyika humo na kuilundika mahali pamoja, tayari kuchimbwa. Aliyeubuni ni Injinia Apondi, mzaliwa wa kilima hichohicho.

"Hatujavumbua kitu," aliwaambia wageni. "Zamani hapa palikuwa sakafu ya bahari. Maji yalizama kwenye nyufa, yakapashwa na moto wa volkano, yakabeba madini na kupanda nayo. Yalipokutana na baridi, yakayatua. Bahari ilitumia maelfu ya miaka. Sisi tunatumia miezi."

Wageni wakapiga makofi. Jambo moja hakuwaambia. Kabla ya Mpishi kuwashwa, kila shimo la zamani la wachimba dhahabu lilipaswa kuonyeshwa kwenye ramani, kufukuliwa na kuzibwa kwa zege, maana maji ya moto hutafuta njia nyepesi. Lakini kwao Apondi shimo lililoua halitajwi. Hufukiwa, likapandwa mkonge, basi. Na nyuma ya nyumba ya mama yake, Pilista, lilikuwepo shimo lililomfukia Otuoma, kaka yake Apondi. Mwili haukupatikana.

"Wasimguse," mama alimwambia. Ramani ikaenda bila lile shimo. Haya, nani angemlaumu? Mama ni mama. Ila maji hayana mama.

Mwezi wa nne tangu Mpishi kuwashwa, shinikizo la maji likashuka. Mkuu wa mradi, Muniko, akatuma fuko-chuma, roboti ya kuchimba, ifuate maji yalikokimbilia. Asubuhi akaingia ofisini kwa Apondi akicheka.

"Dada, kumbe umetuficha utajiri! Nyuma ya boma lenu kuna shimo limejaa shaba hadi mdomoni. Maji yetu yamekutana na maji baridi ya ardhini, yakatema kila kitu palepale."

"Kuna mtu mle," alisema Apondi. "Kaka yangu."

Muniko akavua kofia. "Pole sana, dada." Kisha kwa sauti ya chini, "Ungeniambia mapema, mtambo tungeupeleka bonde la pili. Sasa hiyo ndiyo shaba yote tuliyo nayo."

Apondi alikwenda nyumbani akijichukia. Mama alikuwa amesimama kando ya mkonge uliobabuka kwa joto, ameshika uzio mpya wa waya uliowekwa na mradi.

"Watu wa mradi wamekuja," mama alisema. "Wameniambia watamtoa kwa heshima, tumzike kando ya baba yake. Nimekubali, mwanangu. Nimechoka kulilia mkonge."

Apondi aliyajua maji yale kuliko mtu yeyote. Hula mfupa, yakaacha shaba mahali pake. Mle shimoni hapakuwa tena na mtu wa kuzika. Akashindwa kumtazama mama usoni.

"Fundi anauliza kipimo cha jeneza," mama aliendelea. "Otuoma alikuwa mrefu, unakumbuka?"

"Nakumbuka, mama," alisema Apondi. "Mwambie alifanye refu."