Kitenge cha Ndoa cha Pascaline

— Zagabe, unitoe humu! Niko na kiu.

Bibi yangu wa ndoa alikuwa nyuma ya mbao za chumba cha maombi, huku Kadutu. Nikaingiza kidole katika tundu. Akakishika.

— Ni wewe kweli?

— Ni mimi, chérie. Kidole gani ingine inanuka esanse ya kuuza barabarani hivi?

Akacheka. Bado alikuwa Pascaline wangu.

Tangu mutoto wetu azaliwe amekufa, alikuwa anakunja kitenge chetu cha ndoa, anakibeba mugongoni, anakiimbia. Daktari alisema: "Ni ugonjwa wa uchungu, unapona. Mumulete." Lakini kaka yake Déogratias, mutu wa bureau na diplôme, akamupeleka kwa Pasteur Lucien, kwenye maombi makavu: bila chakula, bila maji.

— Wamenifunga mikono na kitenge chetu, Zagabe. Eti demoni iko ndani yake.

Pasteur akatokea, Biblia kwapani, Fanta mukononi.

— Papa Zagabe, toka hapo. Pumzi ya mume inaharibu maombi.

— Mumupe maji basi!

— Tunakausha demoni. Demoni inapenda maji.

— Na hiyo Fanta, unanyweshea malaika?

Watu wake wakanisukuma mpaka barabarani. Nikapigia Déogratias.

— Shemeji, sema wafungue! Dada yako anakufa!

— Wewe masomo uliachia primaire, utanifundisha nini? Unataka watu wa bureau wajue kwetu kuna mwehu?

Akakata.

Nikakimbia kwa chef wa avenue, mukubwa wa mtaa wetu. Naye anaimba katika korali ya Lucien.

— Mambo ya Mungu siingilii, papa. Rudia nyumbani, uombe.

Nikaazima nyundo kwa seremala. Niko napanda nayo kilima, simu ikalia. Mesaji ya Déogratias: "Demoni imetoka. Dada amepumzika. Lete kitenge chake cha ndoa, tumufunike nacho."

Nilivunja ule mulango hata hivyo, nikachomoa kile kitenge mikononi mwake, mafundo na yote.

Kwenye kilio, Pasteur alishika mikro, anashukuru Mungu kwa ushindi. Déogratias akaninong'oneza:

— Kitenge iko wapi? Unatuaibisha mbele ya watu.

Nikakitoa kwenye mufuko, nikakitandika juu ya sanduku. Kilikuwa kimepasuliwa mikanda, mafundo yangali yamekazwa, damu imekaukia mule.

— Fungua, shemeji. Wewe ndiye mwenye diplôme.

Akavuta huku, akavuta huku. Fundo likamushinda. Mama mukwe akasimama.

— Lucien! Ulimufunga mutoto wangu kama mbuzi? Na wewe Déo, ulijua?

Déogratias akainamisha kichwa. Pasteur akaweka mikro chini, akatafuta njia. Wamama walikuwa wamejaa mulangoni, hakuna aliyemupisha.

Yale mafundo niliyafungua mimi, kwa meno. Kisha nikalowesha kipande kimoja, nikafunua sanduku, nikamupanguza Pascaline midomo. Ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi.